Damu imevuka fensi leo

Leo asubuhi nimempiga paa risasi, kibali ninacho na nilikuwa ndani ya shamba letu kabisa, lakini hakuanguka palepale. Akakimbia, akaruka fensi, akaingia kwa jirani.

Na huyu jirani hatuongei tangu msimu uliopita, kuna wawindaji walipita kwake bila hodi akajua ni watu wangu.

Nikasimama pale kwenye waya. Huku damu, kule damu, na mnyama anateseka huko ndani. Mguu ulitaka kuvuka jamani. Nikatoa risasi zote, bunduki nikamwachia ndugu yangu, nikazunguka mpaka getini mikono mitupu nikapiga hodi.

Salamu hakuitikia. Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha tundu kwenye ukuta wa stoo.

Dogo tu, kama ncha ya kidole. La risasi ya ile siku ya wale wawindaji. Na chini yake imeegemezwa baiskeli ya mtoto.

Niliishiwa maneno. Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1, waya hauizuii, kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au tuta la udongo hupigi, basi.

Tukafuata damu wote wawili kimya kimya, tukamkuta paa chini ya mti ameshakufa. Jirani akashika miguu ya nyuma tukambeba mpaka kwenye fensi. Akasema tu, "Siku nyingine nipigie simu kwanza."

Lile tundu bado naliona mpaka saa hizi.

Nyie mnaowinda karibu na mipaka, mnakubaliana vipi na majirani zenu? Niambieni.