Mwenzetu akiondoka, usermod -L peke yake haitoshi

Leo nimefunga akaunti ya mwenzetu aliyehamia kazi nyingine, kwenye seva yetu ya Debian (aina ya Linux). Wengi hupiga usermod -L, amri ya kufunga nenosiri la akaunti, wakadhani wamemaliza. Jamani, bado! Amri hiyo inatia tu alama ya mshangao mbele ya nenosiri lililofumbwa ndani ya /etc/shadow, faili la manenosiri. Ukilifungua faili unaiona hapo hapo. Kama mtu ana ufunguo wake wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa, anaweza kuendelea kuingia bila kuulizwa nenosiri lolote.

Kwa hiyo nimeongeza usermod -e 1, yaani akaunti iishe muda siku 1 baada ya Januari 1, 1970. Sasa chage -l, amri ya kuangalia muda wa akaunti, inaonyesha akaunti iliisha muda Januari 2, 1970, na hata ufunguo haupiti. Vikao vilivyokuwa wazi nimevikata kwa pkill -u.

Kufuta kabisa, nasubiri. Userdel (amri ya kufuta akaunti) bila -r huacha mafaili ya aliyeondoka, na akija mtumiaji mpya akapewa UID (namba ya mtumiaji) ile ile, anakuwa mmiliki wa vitu vya mtu asiyemjua. Hilo linanikera kweli, maana ni siri za watu. Kwanza natafuta yote kwa find / -uid, nayapa mmiliki mwingine kwa amri ya chown, ndipo nafuta.