Siku ya Familia Kati ya Majabali ya Hell's Gate

Wengi wanaozuru mbuga za wanyama nchini Kenya hurejea wakihesabu simba na ndovu waliowaona, na kwa hesabu hiyo Hell's Gate, iliyo karibu na Ziwa Naivasha, ingeshika mkia. Mimi niliichagua kwa sababu nyingine. Ni miongoni mwa mbuga chache ambazo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli, na majabali yake hayaonekani vyema kwa mtu anayepita ndani ya gari huku vioo vimefungwa kwa kuogopa vumbi.

Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 90, kwa hiyo familia inaweza kuondoka alfajiri na kulala nyumbani usiku huohuo. Tulikodi baiskeli karibu na Lango la Elsa, na hapo nasisitiza jambo moja: jaribu breki na mnyororo kabla ya kulipa, hasa baiskeli ya mtoto, kwa maana njia ya ndani ina changarawe na mchanga unaoteleza. Mama yangu alikataa katakata kupanda baiskeli, akakaa garini na mume wangu, wakatufuata polepole wakiwa na maji na chakula.

Jabali la kwanza, Fischer's Tower, halichelewi kujitokeza. Ni mnara wa mwamba wenye urefu wa mita 25 hivi, umesimama peke yake kando ya njia. Kitinda mimba wangu aliuliza ni nani aliyeujenga, na swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa sababu ukiutazama ni vigumu kuamini kwamba hakuna fundi aliyeugusa. Nilimweleza kwamba zamani hapo palikuwa na mlango wa volkeno. Uji wa moto uliokuwa ukipanda uligandia kooni mwake, ukawa mgumu kuliko miamba iliyouzunguka, kisha mvua na upepo vikaila ile miamba laini hadi kikabaki kizibo bila chupa.

Jina la mnara huo ni la Gustav Fischer, mpelelezi Mjerumani aliyefika eneo la Naivasha mwaka 1883. Kwa maoni yangu, simulizi inayohusishwa na Wamaasai inaufaa zaidi: kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, lakini akageuka kuwatazama jamaa zake mara ya mwisho, akawa jiwe. Mama alishuka garini kuisikiliza, akatamka kwamba adhabu hiyo ilikuwa kali mno kwa mtoto aliyewakumbuka wazazi wake tu. Pimbi wanaoishi katika nyufa za jabali hilo hawakujali mjadala wetu. Waliota jua, macho yote yakiwa kwenye mfuko wa chakula, nasi hatukuwapa kitu.

Mbele ya hapo genge refu la rangi ya kutu hufuata njia, na hapo ndipo baiskeli inapolipa gharama yake. Mwamba umepasuka kwa wima na kuwa nguzo zilizobanana, nyingine zikiwa na pembe tano au sita, kwa sababu uji wa volkeno hunywea unapopoa na kujikata wenyewe. Binti yangu mkubwa alipitisha kidole katika ufa kati ya nguzo mbili zilizoanguka, akaona kingo zimenyooka kabisa. Juu kulikuwa na michirizi myeupe, kinyesi cha tumbusi wanaotaga kwenye vibao vya mwamba. Punda milia, ngiri na swala walikuwa wakila majani karibu nasi. Nyati pekee ndio waliotufanya tushuke na kungoja wapite.

Korongo la Ol Njorowa tulilitazama kutoka juu tu. Lilichongwa na maji ya ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, na kuta zake nyembamba ndizo uzuri wake na ndizo hatari yake: mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka kwa kasi hata kama pale ulipo ni pakavu. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda vilimani, kwa hiyo hatukuwa na cha kujadiliana, ingawa vijana walinuna.

Upande wa Olkaria, panapozalishwa umeme kwa joto la ardhini, mabomba makubwa na mvuke mweupe huwaudhi baadhi ya wageni, wakiona kwamba yanaharibu mandhari. Siwalaumu, kwani mitambo imeongezeka sana. Hata hivyo, umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa hapo mwaka 1981, na mbuga ikatangazwa rasmi mwaka 1984. Kwa watoto waliokuwa wameshinda wakisikia habari za volkeno za kale, kunusa salfa na kuona mvuke ukitoka chini ya nyayo zao kulieleza zaidi kuliko maneno yangu.

Binti yangu sasa anataka kuupanda Fischer's Tower kwa kamba. Inaruhusiwa, mradi awe na vifaa na kiongozi mwenye ujuzi. Kwanza, tumekubaliana, ataupanda Mlima Longonot kwa miguu yake, na bibi yake ameshasema atamngoja langoni.