Mjomba, nilivuka bahari kuwasoma wafugaji

Jana mjomba alinipigia simu. Tulipomaliza salamu na habari za mvua akaniuliza: "Ati umeenda huko kote kusomea wafugaji? Kwani hapa kwetu Baringo, Kenya, wamekwisha?" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. Sikuweza kujibu, na usiku sikulala. Hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, usiku wenyewe ni mrefu, jua halijachomoza tangu mwishoni mwa Novemba.

Mjomba, jibu ni hili.

Wasami ni wenyeji wa asili wa huku kaskazini mwa Ulaya, na wafugaji wao hufuga kulungu wa kaskazini (reindeer). Wana neno, guohtun, la kueleza hali ya malisho chini ya theluji, kama mnyama ataweza kuchimba akayafikia. Nilipolisikia nilikumbuka majina ya rangi za ng'ombe aliyokuwa akiyataja babu. Mimi nayajua nusu. Nusu nyingine ilipotelea shule ya msingi, nilipovishwa ile diski ya adhabu shingoni kwa kuongea Kitugen, lugha yetu ya nyumbani, uwanjani. Ikikukuta jioni unayo, fimbo. Mliosoma huko mnaijua.

Wasami nao walibanwa hivyo hivyo kwa maagizo ya 1898: shuleni ni Kinorwei. Lakini kilichonifumbua macho hakikuwa somo la isimu, kilikuwa sheria ya ardhi ya 1902 ya Finnmark, jimbo la Wasami kaskazini mwa Norwei. Chini yake, ardhi ya serikali iliuzwa kwa raia anayejua kusema, kusoma na kuandika Kinorwei, na anayekitumia kila siku. Isome tena hiyo. Mzazi aliyemnyima mwanawe lugha ya nyumbani hakuwa anaidharau. Alikuwa anamtafutia shamba! Tangu hapo sikubali mtu aniambie kwamba watu huacha lugha zao kwa hiari. Ndiyo maana darasani kwetu mwanaisimu, mwanahistoria, mwanasheria na mfugaji hukaa meza moja. Kila mmoja peke yake ana kipande tu.

Na wewe mjomba unajua wafugaji wenzetu Waendorois walivyoondolewa Ziwa Bogoria miaka ya 1970. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki yao, uamuzi ukatangazwa 2010. Huku, Mahakama ya Juu ya Norwei ilisema mwaka 2021 kwamba vibali vya mitambo ya umeme wa upepo katika malisho ya Wasami huko Fosen ni batili. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wa Kisami wakaenda kuketi ndani ya wizara mjini Oslo, wamevaa gákti, mavazi yao ya asili. Kushinda kesi ni kitu kimoja, kurudishiwa ardhi ni kingine, na watu wa Bogoria hawahitaji kufundishwa hilo.

Kwa mnaoniandikia mkiuliza njia: ile habari ya kusoma bure Norwei iliisha 2023 kwa sisi tunaotoka nje ya Ulaya. Bila ufadhili msijaribu. Kodi ya chumba kimoja kwa mwezi, nyumbani unatoka sokoni na ng'ombe. Na anzeni Kinorwei mapema, kazi hazikungoji.

Wiki iliyopita mwenzangu wa darasani alinipeleka kwa bibi yake. Bibi alikatazwa Kisami akiwa bweni, na watoto wake hakuwafundisha. Nilimsimulia diski, mjukuu akatafsiri. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanishika mkono akauliza kwetu maziwa tunayaitaje. "Chego," nikasema. Akasema, "Mielki." Tukarudiarudia hadi kila mmoja akalishika neno la mwenzake. Njiani mjukuu aliniambia hajawahi kumsikia bibi akimfundisha mtu neno.

Mjomba, babu ameshatangulia, na katika ukoo wetu wewe ndiye unayezijua zile rangi zote. Nikija Agosti nitakuja na daftari. Tuamke mapema twende zizini, uanze na yule mwenye mabaka.