Barua ya Sentensi Tano

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kupitia marejeleo ya mswada kuhusu maumivu sugu ya mgongo kabla haujapelekwa kwenye jarida. Profesa niliyefanya kazi chini yake alitaka majina, miaka na kurasa zikae sawa kwa mtindo wa Vancouver, ule wa kuweka namba kwa kufuata mpangilio wa kutajwa. Kusoma makala zenyewe hakukutaja. Nadhani alijua nikianza kusoma sitamaliza.

Nilikwama kwenye sentensi moja. Ilisema mgonjwa anayetumia dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni ni nadra kupata uraibu, chini ya asilimia moja, na mwishoni ikabeba namba 14. Nikaifungua 14. Ilikuwa makala ya mapitio. Jambo hilo haikulitafiti, ilimrejelea mwingine tu. Huyo mwingine naye alimrejelea aliyemtangulia. Walikuwa wanapokezana ile asilimia kama kijiti cha mbio, na sikuona dalili kwamba kuna aliyegeuka kutazama kilikotoka. Mwisho wa mnyororo nikakuta jarida la tiba la New England Journal of Medicine, 1980, ukurasa 123. Ukurasa mmoja tu, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Ilikuwa barua kwa mhariri. Aya moja, sentensi tano. Jane Porter na Hershel Jick walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati yao, 11,882 walipewa angalau dozi moja ya dawa hizo, na miongoni mwa wasio na historia ya uraibu walipatikana wanne tu waliothibitika kuwa waraibu. Basi. Mgonjwa anayerudi nyumbani na vidonge vya miezi kadhaa hakuguswa kabisa, na mswada wetu ulikuwa unamzungumzia huyohuyo. Siwalaumu Porter na Jick. Wao walisema walichokiona, wakanyamaza.

"Profesa, hii 14 haisemi tunachosema sisi."

"Mbona kila mtu anairejelea?"

"Wanairejelea, Profesa, lakini chanzo chake ni barua. Na ni ya wagonjwa wa wodini."

Akavuta kiti, akaisoma. Akarudia. "Ndiyo yote hii?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mwaka 2017, miaka kadhaa baada ya siku ile, jarida lilelile lilichapisha hesabu ya watafiti wa Kanada: barua hiyo ilikuwa imerejelewa mara 608. Asilimia 72.2 ya waliorejelea waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hawakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Jarida likaibandika barua hiyo ilani ya kuwatahadharisha wasomaji.

Sisi tulijaribu kwanza kuiokoa ile sentensi. Profesa akaongeza "kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini", akagundua kwamba ikiwa hivyo haimsaidii tena kwenye hoja yake, akaifuta pamoja na aya nzima. Hatukuwa na programu ya marejeleo, kwa hiyo jioni yote nilishinda nikibadilisha 15 iwe 14, 16 iwe 15, huku na huku kwenye matini na kwenye orodha. Nilipoinua kichwa nilimwona Profesa ameifungua ile iliyokuwa 22, anaisoma mwenyewe, kalamu nyekundu mkononi.