Mirehani yangu mitatu: siku moja ya mpishi wa oda Unguja

Saa 10:15 alfajiri niliamka kabla ya adhana na kwenda moja kwa moja jikoni, kwa sababu nyama niliyoilaza na viungo tangu usiku ilikuwa inanisubiri. Ninaishi Jang'ombe, mjini Unguja, na kazi yangu ni kupika chakula cha oda: biriani, pilau, wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na mara nyingine chakula cha hitima au cha harusi. Nikiwatajia watu kazi hii, wengi hunijibu, "Basi uko nyumbani tu na watoto wako." Ni kweli kwamba niko nyumbani na watoto wangu, na hilo ni jambo ninalomshukuru Mwenyezi Mungu kila siku, lakini neno "tu" huniuma, na ndilo lililonifanya niiandike Jumatano hii moja kama ilivyokwenda.

Oda ilikuwa sahani 60 za biriani ya ng'ombe kwa ajili ya mkutano wa ofisi moja, zitakazochukuliwa saa 6:30 mchana. Nilikuwa na kilo 10 za nyama isiyo na mfupa na kilo 7 za mchele wa basmati. Nyama ilikuwa imelala ndani ya mtindi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, uzile (bizari nyembamba), pilipili manga na vikonyo vya kotmiri (giligilani) vilivyotwangwa. Ninasema vikonyo, si majani, na hapa ndipo wapishi wengi wanapopoteza chakula chao bila kujua. Kikonyo cha kotmiri kina nguvu ya kustahimili moto mrefu, kwa hiyo hutangulia pamoja na thomu kinuni. Jani lake ni laini, na harufu yake huruka na mvuke, kwa hiyo hutiwa mwisho kabisa, chungu kikiwa kimeshateremka. Nanaa nayo huitia nusu ndani ya rosti na nusu juu ya wali. Mrehani sikati kwa kisu, kwa sababu ukingo wa jani huwa mweusi. Naurarua kwa vidole. Mchaichai huuponda kwa mchi mpaka shina lipasuke, kisha huufunga fundo ili usitawanyike ndani ya chungu. Mambo haya sikuyasoma mahali. Niliyapokea kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akinipiga vidoleni kwa mwiko kila nilipoharakisha.

Uani kwangu nina makopo matatu makubwa ya rangi yaliyotobolewa chini, na kila mtoto ana kopo lake. Binti yangu wa miaka 14 anatunza kotmiri, kijana wangu wa miaka 9 anatunza mrehani, na kitindamimba wa miaka 4 amepewa nanaa, kwa sababu nanaa haifi hata ikisahauliwa siku mbili. Kwa oda kubwa makopo hayo hayatoshi hata kidogo na majani hununuliwa sokoni, lakini sikuyaweka kwa ajili ya biashara. Nilitaka watoto wajue kwamba kitu chenye harufu nzuri hakijitunzi chenyewe.

Baada ya sala ya alfajiri huwa ninabaki juu ya msala kwa dakika chache na kuwaombea kwa majina, mmoja mmoja, kwa dua iliyomo katika Sura ya Furqan, ya kumwomba Mola atupe wenza na wazao watakaokuwa burudisho la macho yetu. Kisha huwaamsha kwa mkono, si kwa kuwaita nikiwa mlangoni, kwa sababu mama yangu alituamsha hivyo na mpaka leo naukumbuka ule mkono. Walikunywa chai ya mchaichai na mkate wa jana. Binti alikwenda skuli, kijana alikwenda chuoni kusoma Kurani kwa kuwa skuli yeye anaingia mkondo wa mchana, na mdogo alibaki nami. Baba yao ni mvuvi na alikuwa baharini tangu usiku.

Saa 1 asubuhi nilikwenda soko la Mwanakwerekwe na kurudi na vitunguu, tungule (nyanya), mafungu ya kotmiri na nanaa, na ndimu. Saa 2 na nusu vitunguu vya kwanza vilikuwa mafutani.

Mpaka saa 3:50 kila kitu kilikuwa kikienda sawa. Vitunguu vilikwisha kukaangwa na kuchujwa, nyama ilikuwa inachemka taratibu pamoja na tungule, mchele ulikuwa umeroweshwa, na kitindamimba alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua nanaa jani moja moja kwa uangalifu ambao watu wazima wengi hawana. Ndipo simu ilipolia, na bwana aliyetoa oda akaniambia bila hata salamu, "Dada, ongeza sahani 15, wageni wamezidi."

Nilimweleza kwamba biriani haiongezeki hivyo. Nyama inataka kulala na viungo, na sahani 15 ni kilo mbili na nusu nyingine za nyama, karibu kilo mbili za mchele, vitunguu vingine na mafuta mengine, na saa zilizobaki hazifiki tatu. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, "Kwani si unaongeza maji kwenye mchuzi tu?" Nilinyamaza kidogo ili nisijibu kwa hasira. Miaka 11 nimekuwa nikipika, na bado kuna mtu anayeamini kwamba chakula alichokisifu mwaka jana kilitokana na maji. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu ada za chuo za watoto wawili zinakaribia na mteja wa ofisi huleta wateja wengine. Ninayasema haya wazi kwa kuwa wanaotutazama kwa nje hudhani tunakubali kila kitu kwa sababu hatujui thamani ya kazi yetu. Tunaijua, lakini tunajua pia bei ya daftari na ya sare.

Nilimtuma kijana wa jirani kwa baiskeli mpaka buchani, kisha nikaenda kubisha hodi kwa jirani wa pili kuomba papai bichi. Nyama iliyolala usiku kucha haihitaji papai, na ukilitia itavurugika kama uji. Lakini nyama ambayo haikupata muda hulainika ikipakwa papai bichi lililotwangwa na kuachwa walau nusu saa. Nilitwanga papai, nikatwanga thomu na vikonyo vya kotmiri upya, nikakata kilo tatu nyingine za vitunguu huku machozi yakinitoka, nikawasha jiko la pili la mkaa ambalo mkaa wake ulikuwa na unyevu, na moshi ukajaa ua mzima. Nyama mpya niliipika katika sufuria yake peke yake, kwa sababu ukiichanganya na ile iliyokwisha kuiva nusu, moja itakuwa ngumu na nyingine itakuwa nyuzi. Simu ililia tena kuniuliza kama nimeanza. Ikalia tena kuniuliza kama ninaweza kupunguza bei kwa kuwa sasa sahani zimekuwa nyingi.

Kijana wangu aliingia wakati huo, mbio, juzuu yake kifuani na kofia imekaa upande. Alikuwa amemaliza kuhifadhi Juzuu Amma yote, sura 37, na mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba kesho ataanza juzuu inayofuata, Tabaraka. Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilisikia tu, "Mama, sikiliza! Mama, nisikilize kwanza," nami nikiwa na simu sikioni na mwiko mkononi na mafuta yanafoka, nikamgeukia na kumwambia kwa ukali, "Niondokee hapa! Huoni nina kazi?"

Hakulia. Aliiweka juzuu yake juu ya rafu mahali pake, akajipakulia wali mwenyewe, akala kimya, akavaa sare na kuondoka. Kila siku hunibusu mkono kabla ya kwenda skuli, na siku ile hakunibusu, na mimi nilikuwa na haraka kiasi kwamba sikuligundua hilo mpaka alipokwisha kupotea uchochoroni.

Adhana ya adhuhuri ilinikuta ninachuja mchele. Mchele wa biriani huchemshwa na hiliki, mdalasini na chumvi, ukatolewa ungali na kiini kigumu, kisha hunyunyiziwa rangi na samli na kupaliwa makaa juu ya kifuniko ili uive kwa mvuke. Ukipita muda wake hushikana. Nilipalia, nikaosha mikono iliyonuka thomu, nikasali. Katika kusujudu nilimkumbuka Al-Aqra bin Habis, yule mtu wa kabila la Tamim aliyemwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akimbusu mjukuu wake Hasan, naye akasema kwamba ana watoto 10 na hajawahi kumbusu hata mmoja. Mtume alimtazama akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa watoto wangu mara nyingi, na siku zote nilijihesabu kuwa upande wa anayebusu.

Bwana wa oda alikuwa amesema saa 6:30, na akaja saa 7:45. Kwa muda wote huo nilikuwa nikiondoa makaa na kuyarudisha ili wali usikauke wala usipoe, huku kiuno kikiniuma na mdogo amelala juu ya mkeka na majani ya nanaa kiganjani. Alipofika alifunua kontena la kwanza na kuuliza, "Haya majani ni ya nini?" Nikamwambia ni nanaa na kotmiri, na kwamba ndiyo yanayoipa biriani ubaridi mdomoni baada ya viungo vya moto. Akasema mgeni wao mkubwa hapendi kuona majani kwenye chakula, na akataka niyatoe katika sahani zote 75. Visiwa hivi vinasifiwa duniani kote kwa viungo, wageni wanapelekwa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi kunusishwa karafuu, mdalasini na mchaichai, na mtu wa hapa hapa anasimama uani kwangu akitaka nimfichie jani la kotmiri. Niliyatoa katika sahani sita za meza kuu na kumwambia kwa adabu kwamba nyingine hazitaguswa. Akachukua chakula, akalipa fedha za sahani 60 na kusema za 15 zitakuja kesho. Mpaka naandika haya bado hazijafika.

Alasiri nzima ilikuwa masufuria. Hakuna anayeifikiria sehemu hii: sufuria la rosti lililoungua chini hutaka kuroweshwa kwa majivu na maji moto, na mikono iliyokata vitunguu tangu asubuhi huwaka inapoingia kwenye sabuni. Nilisali, nikamwogesha mdogo, nikafanya hesabu ya siku katika daftari, nikaona kwamba kwa sahani 60 zilizolipwa na 75 zilizopikwa, faida yangu ilikuwa ndogo kuliko ya oda ya watu 30. Sikuwa na nguvu hata ya kusikitika.

Kijana alirudi kutoka skuli jua likiwa linashuka. Baba yao naye alikuwa ameingia na samaki wawili wazuri aina ya changu, macho yao maangavu. Nilimwita mwanangu jikoni. Alikuja na kusimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia nataka kupika supu ya changu na ninahitaji mrehani kutoka kwenye kopo lake, kama ataniruhusu.

Hapa kwetu mrehani unajulikana zaidi kwa kikuba kuliko kwa chungu. Wanawake huufunga pamoja na asumini na waridi na kuuvaa, na wapo wanaonishangaa nikiutia katika supu. Lakini ukiponda mchaichai, ukachemsha samaki kwa thomu, chumvi na ndimu, kisha ukautia mrehani baada ya moto kuzimwa, mtoto mgonjwa asiyetaka kula hunyoosha mkono mwenyewe. Kijana alirudi na matawi mawili na kunipa bila kunitazama.

Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi ili tuwe sawa kwa urefu. Nilimwambia kwamba nimekosa, kwamba hasira ile haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mwingine na mimi nikamtwika yeye, na kwamba namwomba radhi. Kisha nikamuuliza kama anajua Mtume alisema nini juu ya Hasan na Husein. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kwamba Abdullah bin Umar amepokea kuwa Mtume aliwaita wajukuu zake wale wawili mirehani yake miwili ya dunia hii. Katika Kiarabu alisema rayhan, na jina la jani lililo mkononi mwangu limetoka huko huko.

Aliutazama mrehani, akaunusa, akauliza, "Sisi tuko watatu. Kwa hiyo wewe una mitatu?"

Nikamwambia ndiyo, mitatu.

Baada ya chakula nilikaa ukumbini na ungo wa mchele wa kesho, kwa kuwa kuna hitima ya jirani na pilau inatakiwa mapema. Kijana wangu alikuwa atusomee alichohifadhi, dada yake alishika juzuu ili amfuate, baba yao aliegemea ukuta na macho yanamfumba, na mdogo alikuwa pajani mwangu akiurudisha kwenye ungo kila mchele nilioutoa. Kijana alianza Sura An-Naba. Katika aya ya nne na ya tano, zile zinazofanana, aliruka moja. Dada yake akamgusa goti, akarudi nyuma na kuanza tena kutoka mwanzo, polepole, na mimi nikauweka ungo chini.