Kutosomewa haki hakuui kesi

Kijana kakamatwa na magunia ya korosho yasiyo yake, na kabla hajafikishwa mahakamani Mtwara mjini ndugu zake wameshatoa hukumu: "Hakusomewa haki zake, kesi haipo hiyo." Hiyo sheria wameitoa kwenye muvi za Kimarekani. Hata huko Marekani haiko hivyo.

Machi 1963, polisi wa Phoenix, Arizona, walimhoji Ernesto Miranda kwa muda wa saa mbili hivi kwa tuhuma za utekaji na ubakaji, naye akasaini maelezo ya kukiri. Fomu ilikuwa imeshachapwa kwamba anakiri kwa hiari akizijua haki zake, lakini hakuna aliyemwambia kuwa anaweza kunyamaza au kuwa na wakili. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliyatupa yale maelezo. Maelezo tu, siyo mashtaka. Miranda alishtakiwa upya mwaka 1967, mwanamke aliyekuwa akiishi naye akaja kueleza kuwa aliwahi kumkiria, na akafungwa tena, miaka 20 hadi 30.

Nguvu ya kesi kama hizi iko kwenye adhabu unayoipata upande wa mashtaka: kupoteza ushahidi. Kesi ya mwanamke aitwaye Mapp, mwaka 1961, ilitokana na polisi wa Cleveland kuvunja mlango na kupekua nyumba yake bila hati halali. Walichokikuta hakikufaa tena kumtia mtu hatiani, na kuanzia hapo majimbo yote yakabanwa na kanuni hiyo. Mfungwa aitwaye Gideon, mwaka 1963, alishinda haki ya kupewa wakili na serikali kwa ombi aliloliandika kwa penseli akiwa gerezani; aliposhtakiwa upya akiwa na wakili, aliachiwa.

Lakini mahakama inayotoa haki ndiyo inayozipunguza. Mwaka 1984 iliruhusu polisi kuuliza kwanza kabla ya kumsomea mtu haki zake, pale usalama wa watu ulipo hatarini. Mwaka 2010 ikasema kukaa kimya tu hakutoshi, mtuhumiwa atamke kwamba anaitumia haki hiyo. Binafsi naiona hukumu hii ya ajabu: ufungue mdomo ili uruhusiwe kuufunga.

Kwetu Tanzania kitabu ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Mtuhumiwa huonywa kabla polisi hawajaandika maelezo yake, yaitwayo maelezo ya onyo, na mahojiano yana saa 4 tangu akamatwe. Mkuu wa upelelezi wa shauri hilo anaweza kuongeza zisizozidi 8, zaidi ya hapo ni kuomba kwa hakimu. Aliyekamatwa Liwale akapelekwa Lindi, muda wa njiani hauhesabiwi, ili mradi hahojiwi humo garini. Kwa hiyo linganisha saa ya kukamatwa na saa iliyoandikwa juu ya maelezo. Maelezo mengi huangukia hapo. Muda ukizidi bila sababu, hakimu ana uwezo wa kuyakataa, na ni mashtaka wanaopaswa kumshawishi ayapokee.

Pingamizi hutolewa kabla kielelezo, kama hayo maelezo, hakijapokelewa na mahakama. Mshtakiwa asiye na wakili akiulizwa kama ana pingamizi hujibu "sina", kisha siku ya utetezi ndipo anaeleza alivyopigwa. Amechelewa, kilichobaki ni hakimu kuyapima uzito tu. Angesema mapema, shahidi angesimamishwa kwanza, na hakimu angechunguza kama maelezo yalitolewa kwa hiari.

Jingine: nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mahakamani, mshtakiwa asikie. Jambo hilo limekaziwa na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Robinson Mwanjisi, 2003. Kwa hiyo anayekata rufaa Mtwara aombe nakala ya mwenendo wa kesi na atafute, baada ya neno "kimepokelewa", kama imeandikwa kwamba kilisomwa. Kama hakikusomwa, huondolewa kwenye rekodi, na rufaa huamuliwa kwa ushahidi unaobaki.