Jinsi nilivyotenganisha kishikwambi na hofu ya PEPMIS

Walimu wengi hawakikatai kishikwambi. Wanachokwepa ni kuonekana wakihangaika nacho mbele ya mtu mwenye fomu mkononi. Nimelibaini hilo katika kazi ya mwalimu wa taaluma, shule ya msingi hapa Ilemela, na mpango wote ninaoueleza umejengwa juu yake.

Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, kisha ukaja PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OPRAS. Mwalimu anaingiza majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anayapitia na kumpima. Ongeza wathibiti ubora wa shule wanaokaa nyuma ya darasa na kukagua andalio la somo, na utampata mwalimu anayeandika "kishikwambi" kwenye zana za kufundishia ili pasibaki wazi. Kifaa kinatoka kabatini siku ya ugeni tu. Mtafiti Fred Davis alieleza tangu 1989 kwamba mtu hukubali teknolojia akiiona ina faida na ni rahisi kwake. Mwaka 2000, yeye na mtafiti mwenzake Viswanath Venkatesh walionyesha kuwa msukumo wa wakubwa una nguvu pale matumizi yanapokuwa ya lazima, lakini nguvu hiyo hufifia kadiri mtumiaji anavyozoea. Kinachobaki ni faida.

Kwa hiyo nilianza kwa makubaliano na mwalimu mkuu. Katika muhula wa majaribio, anayeingia kutazama somo la kishikwambi ni mwalimu mwenzake aliyealikwa, basi. Jukumu la TEHAMA haliingizwi PEPMIS mpaka mhusika aseme yuko tayari, na likiingizwa limpime mwanafunzi. Badala ya "kutumia TEHAMA katika ufundishaji", tuliandika "wanafunzi waeleze safari ya chakula kutoka mdomoni hadi utumbo mpana baada ya kutazama video". La kwanza linamfanya mwalimu awashe kifaa. La pili linamfanya ajiulize kama kifaa kinahitajika, na wakati mwingine jibu ni hapana. Mchoro wa ubaoni unatosha.

Matumizi ya kwanza yalikuwa nje ya darasa: kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwenye Maktaba Mtandao yake wakati wa kuandaa somo, bila kusubiri nakala moja izunguke ofisini. Mwalimu akiona kazi yake ya jioni imepungua, anakuja mwenyewe kuuliza kingine. Video tulipakua mara moja, tukagawana kwa kadi ya kumbukumbu, ili bando lisitoke mfukoni mwa kila mtu.

Darasani, hesabu ndiyo inayoamua. Kifaa kimoja kinatosha watoto sita. Wa saba haoni, anaanza kusukuma. Ukiazima vishikwambi vinane vya wenzako, watoto 48 wanatazama huku waliobaki wakifanya zoezi daftarini, kisha wanabadilishana. Kipindi cha dakika 40 nakigawa hivi: 5 za utangulizi, 12 kwa kundi la kwanza, 12 kwa la pili, 11 za maswali. Video yenyewe isizidi dakika 5, maana lazima irudiwe. Mvua ikianza kupiga bati, sauti haisikiki tena. Chagua video inayoeleweka kwa picha, mwalimu asimulie.

Projekta inawavunja moyo walimu kuliko kitu kingine. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havitoi picha kupitia tundu la USB-C hata ukinunua waya, kwa hiyo jaribu kwanza au tumia kompyuta mpakato yenye HDMI. Umeme ukikatika wakati taa ya projekta ina moto, feni nayo inasimama na taa inachakaa mapema. UPS ndogo (betri ya dharura) inatoa dakika za kuizima taratibu. Ukitumia betri ya volti 12 yenye Ah 100, kuna saa-wati (Wh) 1,200, lakini betri ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu. Toa pia kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama Wh 500. Projekta ya wati 280 na kompyuta ya wati 50 zitakwenda saa moja na nusu: vipindi viwili vya mfululizo, si zaidi. Pazia zito upande wa jua ni la lazima.

Kwenye andalio tunaandika zana mbili kila mara, kifaa na mbadala wake, pamoja na dakika ya kuhama: kifaa kisipowaka ndani ya dakika 3, mwalimu anafungua chati na kuendelea. Mthibiti akiwepo, anaikuta hatua hiyo imeshaandikwa. Tangu tulipoanza kuandika hivyo, hata walimu wanaokaribia kustaafu wanaomba zamu ya vishikwambi, na orodha ya zamu inabandikwa ofisini kila Ijumaa pamoja na jina la anayechaji Jumapili jioni.